Chupa ya Kwanza Iwe Nyeupe: Mvinyo kwa Meza za Mbulu na Hanang

Katika wilaya za Mbulu na Hanang mvinyo si kinywaji cha kila siku. Huja na shughuli: harusi, kipaimara, ubatizo, Krismasi, au mgeni wa heshima kutoka Arusha au Dodoma. Na unapokuja, mara nyingi huwa wa aina moja, mwekundu na mtamu, ulionunuliwa kwa sababu jina lake linajulikana au kwa sababu chupa yake inapendezesha meza kuu. Ndafu inakatwa, ugali unapakuliwa, kachumbari inazungushwa, na watu wanakula kwa soda na bia huku mvinyo ukingoja hotuba zianze. Anayeujaribu pamoja na nyama hukuta utamu wake umeifunika nyama, na chumvi ya nyama imeufanya mvinyo uonekane mzito kooni. Hapo ndipo husikika kauli kwamba waini haiendi na chakula chetu. Nasema inakwenda, tena vizuri sana, ila tumekuwa tukianza na chupa isiyofaa. Kwa chakula kinacholiwa hasa katika wilaya hizi mbili, chupa ya kwanza kununuliwa iwe ya mvinyo mweupe mkavu, yaani ule ambao sukari yake karibu yote imegeuka pombe, na hasa ule wa zabibu za Chenin Blanc za Dodoma. Mwekundu uwe wa pili, mwepesi, na upozwe kidogo. Mtamu nao upewe kazi yake maalumu. Kusema hivyo katika nchi ya ng'ombe na mbuzi ni kwenda kinyume na mazoea, kwa hiyo sababu zake zinahitaji kuelezwa kwa kina.

Kanuni ambayo wengi wameisikia ni ile ya rangi: nyama nyekundu kwa mvinyo mwekundu, kuku na samaki kwa mvinyo mweupe. Si kanuni ya kijinga. Ilikomaa kwenye meza za Ulaya, ambako nyama ya ng'ombe ina mafuta yaliyopenya hadi ndani ya mnofu na mara nyingi huandamana na siagi au mchuzi mzito. Lakini hata huko kinachoamua si rangi ya nyama. Mvinyo mwekundu huchachushwa pamoja na maganda na mbegu za zabibu, na humo hutoka tanini, kitu kilekile kinachoukaza ulimi mtu anapokunywa chai ya rangi iliyochemka kupita kiasi. Tanini hushikana na protini za mate, mate yakapoteza utelezi, mdomo ukakauka. Watafiti wa Ufaransa wameonyesha kwamba tanini hushikana pia na matone ya mafuta, kwa hiyo mtu akila kitu chenye mafuta zinabaki tanini chache za kukausha mdomo. Hapo ndipo mwekundu mzito na nyama nono vinapopatana: mafuta yanaupunguzia mvinyo ukali, na mvinyo unaondoa mafuta yaliyoganda mdomoni. Ondoa mafuta, na sababu yenyewe ya kanuni imeondoka.

Sasa tazama nyama ya huku. Ng'ombe wa Wadatoga na Wairaqw ni ng'ombe wa asili mwenye nundu, anayetembea kutwa akitafuta majani na maji. Mnofu wake ni mkakamavu, una mafuta kidogo, na ladha yake ni safi. Mbuzi ndiye zaidi. Ikichomwa, nyama hiyo hupakwa chumvi na basi. Kinachobaki ni moshi wa kuni au mkaa na kingo zilizoungua, ambazo zina uchungu wake. Mwekundu wenye tanini nyingi ukikutana na kingo hizo, uchungu wa mmoja unaongezea wa mwenzake, na mafuta ya kuupokea hayapo. Chumvi husaidia kiasi. Mwaka 1997 watafiti Paul Breslin na Gary Beauchamp walionyesha kwamba chumvi huuzima uchungu ulimini hata pale inapokuwa kidogo, na ndiyo maana mwekundu mwepesi huvumilika kwa nyama choma yenye chumvi. Ila kuvumilika si kupatana. Nyama kavu yenye chumvi na moshi inahitaji kitu cha kuyaamsha mate, na kazi hiyo hufanywa na uchachu. Wachoma nyama wa Katesh, Dongobesh na Haydom wanalijua hilo bila kufundishwa na mtu: sahani ya nyama huja na kipande cha ndimu au limau. Mvinyo mweupe mkavu unafanya kazi ileile ya ndimu. Ukishaukubali ushahidi wa ndimu, sioni jinsi utakavyoukataa mvinyo mweupe kwa hoja kwamba nyama ni nyekundu.

Kuna mnyama mmoja anayevunja hoja hii, naye astahili kutajwa mapema. Kondoo wa huku ana mkia uliojaa mafuta, na nyama yake, hasa mbavu na sehemu za nyuma, huchuruzika mafuta motoni. Hayo ndiyo mafuta ambayo kanuni ya Ulaya iliyategemea. Kwa kondoo aliyenona, fungua mwekundu mkavu, hata ule wenye tanini zinazouma kidogo, na utaona tofauti mara moja. Kwa hiyo mwenye shughuli anayetaka mwekundu lazima uwepo mezani amchinje kondoo, kisha ndafu ya mbuzi aiachie chupa nyeupe.

Tena nyama ni sehemu moja tu ya sahani, na huku si sehemu kubwa. Mlo wa kawaida wa Mbulu na Hanang ni ugali, mboga ya majani, maharage, na maziwa. Ugali hauna neno na mvinyo wowote. Ni mpole, hupokea chochote. Mboga ndiyo yenye maneno. Mnavu una uchungu, na uchungu wa mboga ukikutana na tanini huwa mkali zaidi ya kila mmoja peke yake. Mtu aliyekula mnavu kwa mwekundu mkavu hana haja ya kuelezwa zaidi. Mweupe, usio na tanini za kutajika, huuacha mnavu ukae ulivyo. Kachumbari yenye nyanya, kitunguu na ndimu nayo ina sharti lake: chakula chenye uchachu huufanya mvinyo usio na uchachu wa kutosha uonekane umepooza, kana kwamba umetiwa maji. Mwekundu mtamu huumizwa zaidi na kachumbari, kwa kuwa uchachu unapozimwa hubaki sukari tupu. Ukijumlisha nyama kavu, moshi, chumvi, mboga chungu na kachumbari, kila kimoja kinaelekeza upande mmoja.

Kuhusu maziwa sina ushauri wa kuyaoanisha. Maziwa mgando yaliyokaa kwenye kibuyu kilichofukizwa ni kinywaji kamili kwa ugali, kina uchachu wake, mafuta yake na harufu yake ya moshi, na mvinyo juu yake ni kelele. Maziwa mabichi yakikutana na asidi ya mvinyo hukatika. Siku ya ugali na mgando, chupa ibaki kabatini.

Kwa nini Chenin Blanc, na kwa nini ya Dodoma? Zabibu ikiiva kwenye joto hukusanya sukari haraka na kupoteza asidi haraka, na mvinyo wake huweza kuwa na nguvu nyingi ya pombe bila uchangamfu. Chenin Blanc, zabibu ya asili ya bonde la mto Loire huko Ufaransa, inasifika kwa kuishika asidi yake hata kwenye jua kali. Ndiyo sababu imeenea kuliko zabibu nyingine yoyote ya mvinyo huko Afrika Kusini, na ndiyo sababu inafaa Dodoma, iliyo takribani mita 1,100 juu ya bahari na ambako mizabibu huweza kuvunwa mara mbili kwa mwaka. Kilimo hicho si kipya. Wamisionari wa Kiitaliano walipanda mizabibu Bihawana katika miaka ya 1950, na leo zabibu inayojulikana zaidi huko ni ile nyekundu iitwayo Makutupora, kwa jina la mahali penye kituo cha utafiti wa zabibu. Kwa mkazi wa Hanang, Dodoma si mbali tena: barabara ya lami ya kilomita 251 kati ya Dodoma na Babati, kupitia Kondoa, ilizinduliwa Aprili 2018, na kutoka Babati hadi Katesh ni safari fupi. Chupa kutoka Stellenbosch, Afrika Kusini, imevuka bahari au mipaka kadhaa kabla haijafika dukani. Ya Dodoma imetoka mkoa wa jirani. Naipendelea ya Dodoma kwa sababu hiyo pia, kwamba fedha inamrudia mkulima wa Hombolo au Mpunguzi, ingawa ladha peke yake inatosha kuitetea.

Hakuna haja ya kuniamini kwa maneno. Jaribio hili ni la dakika kumi na halihitaji utaalamu. Mimina vidole viwili vya mweupe mkavu kwenye glasi moja, vidole viwili vya mwekundu mkavu kwenye ya pili, na mtamu kwenye ya tatu. Onja kila mmoja peke yake. Kisha lamba chumvi kidogo na tone la limau, uonje tena zote tatu. Mweupe uliokuwa mkali mwanzoni utakuwa umelainika na harufu yake ya matunda imejitokeza; mwekundu utakuwa laini kidogo kuliko ulivyokuwa; mtamu utakuwa mzito. Maliza kwa kipande cha mnavu uliochemshwa bila kuungwa. Chumvi, limau na mnavu vinaeleza karibu mlo wote wa huku, na mwenye kufanya jaribio hili mara moja hatahitaji tena kuuliza muuza duka ni chupa gani inafaa.

Mweupe huo huo unavihudumia vyakula vingine vingi. Kitimoto, ambayo kwa wale wanaoila ni nyama ya sherehe katika vijiji vingi vya Mbulu, ina mafuta mengi lakini tofauti na ya kondoo: ni laini, yanateleza, na hukaangwa na vitunguu na ndimu. Asidi ya mweupe huyakata vizuri kuliko tanini. Kuku wa kienyeji aliyechemshwa kisha akakaangwa hana shida. Makande yaliyoungwa kwa kitunguu na mafuta ya alizeti yanapendana na mweupe, na pia na mwekundu mwepesi kabisa, kwa kuwa maharage yana wanga na ladha ya udongo inayouvumilia. Kwa samaki wa Ziwa Basotu na dagaa, hapa nasisitiza: mwekundu usikaribie. Mwaka 2009 watafiti wa Kijapani walionyesha kwamba madini ya chuma yaliyomo kwenye mvinyo, ambayo mara nyingi huwa mengi zaidi kwenye baadhi ya mivinyo myekundu, huchochea ladha mbaya ya shombo inapokutana na mafuta ya samaki. Dagaa, waliokauka na wenye ladha iliyokolea, ndio huonyesha jambo hilo kwa ukali zaidi. Supu ya mbuzi ya asubuhi ni ya asubuhi. Iacheni na chapati yake ya ngano ya Hanang.

Mvinyo mtamu haufukuzwi. Una kazi mbili ambazo hakuna mwingine unaozifanya vizuri kama huo. Ya kwanza ni pilipili. Ukali wa pilipili unatokana na kemikali inayoamsha kipokezi cha joto na maumivu mdomoni, na utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba pombe huamsha kipokezi hicho hicho. Maana yake ni kwamba kadiri mvinyo unavyokuwa na pombe nyingi, ndivyo pilipili inavyozidi kuwaka. Ilhali sukari huupoza moto huo. Kwa hiyo pilau yenye iliki, mdalasini na bizari, ikiwa pembeni kuna pilipili ya kuponda, inafaa mvinyo wenye utamu kidogo, wenye pombe ya chini, uliopozwa. Kazi ya pili ni keki. Kanuni hapa haina ubishi: mvinyo sharti uwe mtamu kuliko kitu kinacholiwa, la sivyo unageuka mchachu mdomoni. Harusi nyingi hufanya kinyume chake, mtamu unanywewa na nyama kisha mkavu wenye mapovu unafunguliwa wakati wa keki. Geuzeni mpangilio huo tu, bila kuongeza hata shilingi, na wageni watadhani mmebadilisha mvinyo.

Neno kuhusu kitunguu saumu, kwa kuwa huku ndiko kwao. Mbulu inajulikana nchini kote kwa zao hilo, hasa mashamba ya Bashay, na jiko la huku hulitumia bila ubahili. Kitunguu saumu kibichi kilichopondwa, kama kwenye kachumbari au kwenye nyama iliyolowekwa kwa muda mfupi, hufunika karibu kila mvinyo. Harufu yake haiondoki ulimini na mvinyo mzuri unapotea bure. Kikipikwa taratibu hubadilika kabisa: ukali hutoweka, utamu wake unatoka, na kinakuwa rafiki wa mweupe na wa mwekundu pia. Ikiwa mvinyo utakuwepo mezani, chomeni vichwa vizima vya kitunguu saumu kwenye majivu ya moto hadi vilainike, kisha vikamuliwe juu ya nyama. Ni pambo la mezani ambalo hoteli za Arusha zingelitoza bei, na hapa lipo shambani.

Wako watakaosema kwamba habari zote hizi za kuoanisha kinywaji na chakula ni mila ya watu wengine. Nadhani wanasahau ya kwao. Wadatoga wana pombe ya asali, inayochachushwa kwa asali, maji na mizizi, na mwanaanthropolojia George Klima, katika kitabu chake juu ya Wabarbaig, tawi la Wadatoga, kilichotoka mwaka 1970, alieleza nafasi yake katika mambo mazito ya jamii. Haikunywewa ovyo wala kwa kila mlo. Ilikuwa na wakati wake, wanywaji wake na nyama yake. Wairaqw nao walikuwa na pombe ya nafaka iliyofuata kazi ya pamoja na ibada. Na mvinyo wa zabibu wenyewe umefika huku zamani kupitia altare: Jimbo Katoliki la Mbulu lilipewa hadhi ya jimbo mwaka 1953, na sheria za Kanisa zinataka divai ya misa iwe ya zabibu, ya asili, isiyoharibika. Kujua kinywaji gani kinakaa na chakula gani, kwa nani na lini, ni adabu ambayo wazee wa huku waliilinda kwa ukali. Ninachopendekeza ni kuipanua adabu hiyo ifikie chupa iliyoongezeka.

Wengine wanasema mvinyo mweupe ni wa akina mama. Hoja hiyo sioni ilikotoka zaidi ya mazoea ya baa, na ndimu juu ya nyama haijawahi kuulizwa ni ya nani. Pingamizi lenye uzito ni la ubaridi: mweupe unataka nyuzi 8 hadi 12 za joto, na nyumba nyingi za vijijini hazina friji. Ila hapa Mbulu ina bahati ambayo Dar es Salaam haina. Mji wa Mbulu uko kwenye nyanda za juu, mita zaidi ya 1,700, na jioni za Juni na Julai watu hukaa na makoti ndani ya nyumba. Chupa iliyolazwa sakafuni usiku kucha wakati huo asubuhi karibu iko tayari. Miezi mingine, itumbukize chupa hadi shingoni kwenye ndoo ya maji ya chemchemi kwa nusu saa, au iviringishe kwa kitambaa kilicholowa na uiweke kibarazani kwenye upepo. Maji yanapokauka kwenye kitambaa hubeba joto la chupa. Ule usemi wa vitabuni kwamba mwekundu unywewe kwa joto la chumba ulihusu nyumba za Ulaya za zamani zenye baridi, nyuzi kama 16 hadi 18. Chumba cha Mbulu jioni ndicho chumba hicho. Katika mabanda ya bati ya Katesh mchana wa Oktoba, mwekundu nao upate dakika kumi kwenye ndoo.

Pingamizi zito kuliko yote ni la pombe yenyewe. Familia ngapi zimeumia kwa gongo, na kabla ya katazo la Machi 2017 kwa viroba, linajulikana kila kijiji. Shirika la Afya Duniani lilisema wazi Januari 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe kinachoweza kuitwa salama kwa afya. Siwezi kuandika juu ya mvinyo nikajifanya sikulisikia hilo. Asiyekunywa asianze kwa sababu ya makala haya. Mjamzito, mwenye kutumia dawa, aliye chini ya miaka 18 na mwenye kuendesha gari au pikipiki asiguse. Ninachosema kwa yule ambaye atakunywa vyovyote vile ni hesabu: chupa ya mililita 750 hutoa glasi tano za mililita 150. Glasi moja ya mvinyo wa asilimia 12 ina mililita 18 za pombe halisi, na chupa ya nusu lita ya bia ya asilimia 5 ina 25. Mvinyo huharibu mambo pale unaponywewa kama bia, kwa glasi kubwa na tumbo tupu. Ukiwekwa kwenye mlo, ukamiminwa kidogo, ukanyweka polepole kwa sababu unaongea na chakula, chupa moja inawatosha watu watano na hakuna anayetafuta ya pili. Hiyo pia ndiyo hoja dhidi ya wanaodai kwamba ni anasa: chupa moja iliyogawanywa watano wakati wa kula haizidi sana gharama ya bia zao.

Na kwa meza za Waislamu, za walokole na za Walutheri wengi wasiokunywa kabisa, kila nilichoeleza juu ya uchachu, chumvi na ukakasi kinabaki na maana. Juisi ya rozela ina uchachu wa kutosha, ina ukakasi mwepesi na rangi ya mwekundu. Ikitengenezwa na sukari kidogo sana na kupozwa, inakaa na nyama choma kama mvinyo mzuri. Ukwaju uliochujwa vizuri unafanya kazi ya mweupe kwa samaki au kuku. Kosa ni kuijaza sukari hadi inakuwa soda, kosa lilelile la mwekundu mtamu. Mwenye shughuli anayewajali wageni wote aweke jagi la rozela isiyo tamu kando ya kila chupa, wala asiwape wasiokunywa maji matupu kama adhabu.

Mkienda kununua, angalieni vitu vichache. Kwanza neno kwenye lebo: "dry" ndilo mkavu, "sweet" ni mtamu, na kitu kilichoandikwa "natural sweet" kitakuwa kitamu vilevile. Pili asilimia ya pombe. Juu ya 14 ni nyingi kwa chakula chepesi. Tatu, na hili huamua kuliko jina la kampuni, mahali chupa ilipokaa. Chupa iliyosimama dirishani ikipigwa na jua miezi mitatu imeshapikwa, hata kama ilikuwa bora ilipotoka kiwandani. Mweupe wenye rangi ya chai na harufu ya tufaha bovu umekufa. Ombeni ile ya rafu ya chini, gizani. Mweupe wa bei nafuu unywewe mapema baada ya kununuliwa, usitunzwe miaka ukidhani utaboreka. Wale wenye wageni wengi wanaweza kuchukua boksi la lita 5 lenye bomba, kwa kuwa mfuko wa ndani husinyaa na hewa haiingii, na mvinyo hudumu wiki kadhaa baada ya kufunguliwa.

Chupa iliyofunguliwa haina muda huo. Izibwe vizuri, iwekwe mahali pa baridi, inyweke ndani ya siku tatu. Ikipita hapo usiimwage. Pondaponda kitunguu saumu na chumvi, uchanganye na mvinyo uliobaki, uloweke nyama ngumu ya ng'ombe au ya kondoo usiku kucha, kisha uichemshe taratibu na viazi, kifuniko kikiwa wazi kidogo kwa nusu saa ya kwanza ili ukali wa pombe uondoke. Nyama hiyo ikilainika hadi mafuta na utelezi wa mifupa vimeingia kwenye mchuzi, imeacha kuwa nyama ya ndimu, na hapo ndipo mwekundu wa Makutupora unapofaa kufunguliwa.